Kutoka Tanga hadi Lamu kusaka dungusi

Picha nimeshazihamishia kwenye kompyuta, na daftari limejaa bei na majina ya mimea, kwa hiyo nawawekea hapa safari yetu ya Januari kama ilivyokwenda. Nina kitalu kidogo cha miche huku Raskazone, Tanga, na wapo wateja wanaokuja kwa ajili ya dungusi, yaani kaktasi, peke yake. Nikiwauliza wameziona wapi zilizokomaa hasa, wengi hunijibu Malindi, kwenye majumba ya Waitaliano. Nikafunga mzigo. Mdogo wangu akasema naye anakuja. Mimea haimhusu ndewe wala sikio. Yeye alitaka kuogelea kwenye bahari ya watu wengine.

Hesabu zote humu ni shilingi za Kenya, isipokuwa nikisema vinginevyo. Sisi tulibadilisha kwa takriban 20 za kwetu kwa moja ya kwao.

Jumatatu: Tanga – Mombasa

Basi la asubuhi, 25,000 za Tanzania kwa kichwa. Mpakani mihuri ya kutoka na ya kuingia tuligongewa mahali pamoja, na kadi ya homa ya manjano tuliombwa, kwa hiyo msiiache nyumbani. Likoni tulivuka na kivuko kwa miguu, bure. Tulilala kwa shangazi Kisauni, akatupikia samaki wa kupaka na wali wa nazi, akatukatalia katakata kulala hotelini. Mimea siku hiyo hakuna.

Jumanne: Mombasa – Kilifi – Malindi

Ukipanda matatu moja kwa moja hadi Malindi ni 500. Mimi nilitaka kushuka Kilifi, tukalipa 300 hadi hapo na 250 kumalizia. Nauli inapanda kidogo, ila unapata nafasi ya kushuka unapoona kitalu.

Na vitalu vipo. Ukishapita Mtwapa, kando ya barabara unaona neti nyeusi za kivuli, vyungu vya saruji vilivyopakwa rangi, na miche kwenye makopo ya rangi na karatasi nyeusi. Kisha linakuja shamba la mkonge la Vipingo, na mtu wa Tanga hapo hujiona hajatoka kwao. Mkonge nao watu huuhesabu kuwa dungusi kwa sababu ya ule mwiba wa nchani. Siyo. Ila wote asili yao ni mabara ya Amerika; mkonge ni wa Mexico. Kwetu uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akiagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62.

Kilifi, ng'ambo ya daraja, kuna kijana mwenye kitalu chini ya miembe. Meza ndefu, na kibao cha mbao kimeandikwa kwa mkono: KAKTASI. Nikaanza kuzipitia moja moja. Taji la miiba, lile lenye vijiua vyekundu, ni mmea wa Madagaska, wa ukoo mmoja na minyaa yetu. Ule mrefu wa pembe tatu wenye vijani ubavuni, ukoo huo huo. Mishubiri mitatu. Waridi la jangwa, ambalo ni la pwani hii hii na huota lenyewe kwenye miamba ya matumbawe. Meza nzima, dungusi za kweli hazikufika nusu.

Kijana alipoona natingisha kichwa akauliza, "Dada, kuna kasoro gani?" Nikamwonyesha. Dungusi ya kweli, kila shada la miiba hutoka kwenye kidoti chenye manyoya, na vidoti hivyo vimejipanga kwa mistari mwili mzima. Minyaa na jamaa zake hawana kidoti hicho; miiba yao, ikiwapo, aghalabu huota miwili miwili. Halafu ukichoma kidogo kwa sindano, wao hutoa maziwa. Dungusi nyingi hutoa maji tu. Akachomoa kipande cha boksi akaandika yote, akaagiza chai ya maziwa na viazi karai kibandani, akakataa tulipie. "Mumenifundisha, nitawalipisha vipi?"

Alikuwa pia na vile vya vichwa vyekundu na vya manjano ambavyo wateja wangu wanavililia. Vile ni mimea miwili. Kichwa cha juu hakina umbijani, ile rangi ya kijani ya mimea, hakiwezi kujipikia chakula, kingeachwa peke yake kingekufa kikiwa kichanga. Wajapani ndio waliobuni ufundi wa kukiunga juu ya shina la kijani la dungusi nyingine. Shina likichoka, kichwa nacho kwaheri. Alikuwa anauza 800. Kwa kitu kisichodumu miaka mingi, mimi naona ni ghali. Zile ndogo za kawaida, 250.

Tahadhari kwa watakaojaribu ile sindano: maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha kwa muda. Yakikurukia, osha kwa maji mengi bila kukoma, kisha nenda hospitali. Usipanguse kwa mkono ule ule.

Malindi tuliingia magharibi. Chumba cha watu wawili chenye feni na neti, 2,000, chai haimo.

Jumatano: Malindi

Mahamri na mbaazi kwa 120, watu wawili tukashiba. Kisha sokoni. Sikutarajia dungusi sokoni, na nilizikuta mahali nisipopaangalia: kwenye meza ya matunda. Mama mmoja alikuwa na matunda joka, yale ya ngozi ya waridi yenye magamba ya kijani, 150 moja. Nikamwambia, "Mama, unauza dungusi." Akacheka. Nikamweleza kwamba mmea wake ni dungusi inayopanda nguzo, na ua lake hufunguka usiku. Akamwita jirani yake wa nyanya, jirani akamwita wa ndizi, ikawa baraza. Mwenye ndizi akasema shemeji yake kaupanda na kweli una miiba midogo. Kesi ikaisha. Mama akatuongezea tunda la pili, na mdogo wangu, ambaye tangu Kilifi alikuwa amenuna kwa jua, akala yote mawili.

Dereva wa tuktuk aliyetuchukua pale (150 popote mjini, mpatane kabla ya kupanda) ndiye aliyetufungulia mlango nilioufuata kutoka Tanga. Nilimwambia natafuta bustani ya dungusi. "Ami yangu ndiye anayezitunza," akasema, akapiga simu hapo hapo. Tukafika kwenye nyumba ya makuti yenye ukuta mrefu. Mwenyewe, bibi wa Kitaliano wa makamo, alitoka barazani akatusalimu kwa Kiswahili chenye mwendo wa Kitaliano, akasema tuangalie tutakavyo, ila tusimkatie chochote. Haki yake.

Mtunzaji ni mzee wa Kigiriama. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akatutembeza polepole mno, na mimi nilitaka hivyo. Kwanza nguzo za kijani zilizopita paa, zimegawanyika mikono juu. Halafu safu ya zile za mviringo, miiba ya manjano ya dhahabu, kubwa zaidi ina upana wa sinia la pilau la harusini. Nimewahi kuuza ndogo zake nyingi, mkubwa wake sijapata kumwona. Mzee alizipanda mwenyewe ujana wake, zikienea kiganjani. Huko kwao, katikati ya Mexico, bwawa la Zimapán lilifunika sehemu ya makorongo zilikoota, na zilizobaki porini ziko hatarini kutoweka. Sasa fikiria: huku mabustanini zimejaa dunia nzima, na kwao zinaisha.

Nilimuuliza masika anafanyaje, maana Tanga mvua za Mei huniozeshea nyingi. Akanionyesha: kitanda kimeinuliwa hadi gotini, chini vipande vya matumbawe, juu mchanga mkavu wa ndani, siyo wa ufukweni wenye chumvi, na samadi kidogo sana iliyooza sawasawa. Mvua zikianza anazisimikia kijibanda cha makuti. Kung'olea magugu ana chuma kirefu chenye ndoana, na mikononi anavaa gunia. "Hizi hazitaki kubembelezwa," akasema. "Mtu akizipenda kwa maji, ndiyo kaziua." Hiyo ya vipande vya matumbawe nimeshaanza kuitumia hapa.

Tulipoondoka nilitaka kumpa kitu cha soda. Akapokea, kisha akamtuma mjukuu atuletee madafu mawili, tukawa tumerudi palepale.

Jioni nilimpeleka mdogo wangu kwenye nguzo ya Vasco da Gama apige picha zake. Mreno huyo alitia nanga Malindi mwaka 1498, na watu kadhaa wameniambia ndiye aliyeleta dungusi pwani. Mimi siamini. Wakati ule Ulaya ndiyo kwanza ilikuwa imefika Amerika, na Vasco alipita kusini mwa Afrika.

Alhamisi: Gede

Matatu hadi Gede 100. Magofu yako ndani ya msitu, mazuri kuliko nilivyodhani: msikiti, kasri, makaburi, moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Dungusi hakuna hata moja, kivuli kimezidi. Malipo ya kiingilio ni kwa simu, siyo taslimu, na laini zetu za Tanzania hazikufua dafu. Mwalimu aliyekuja na wanafunzi wake akatulipia kwa simu yake, tukampa noti. Hakutujua, wala hakuhesabu chenji. Mkienda, semeni wazi kwamba ni raia wa Afrika Mashariki, bei yenu ni tofauti na ya wageni wa mbali.

Ijumaa: Marafa

Tulipanda Probox ya abiria, 300 kila mmoja, tumebanana nyuma na gunia la mahindi. Marafa ni korongo la mchanga uliosimama, tabaka nyeupe, za waridi na nyekundu, na wenyeji wana kisa cha tajiri aliyeoga maziwa hadi ardhi ikammeza. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi au ngojeni alasiri. Katikati ya hapo joto la kule chini halina mchezo.

Kwenye ua wa nyumba moja njiani nikaona mipungate, imebeba matunda mekundu. Hii ndiyo dungusi ambayo watu wa pwani wanaijua kwa kula. Bibi mwenye boma akatukaribisha kivulini, akamtuma binti achume. Binti alitumia ufito uliopasuliwa ncha, akayaviringisha matunda mchangani kwa tawi la majani ili vijimiiba vitoke, akayamenya kwa kisu bila kuyagusa. Utamu wa kadiri, mbegu nyingi. Sikupewa bei, nikanunua mayai yake kumi kwa 200, na tukayala usiku.

Hatari ya mpungate siyo ile miiba mirefu. Ni vile vijinywele visivyoonekana. Vikikuingia vidoleni, bandika selotepu uibandue, mara kadhaa.

Na nyinyi wenye vitalu, jamani, msiutupe ovyo. Kipande kimoja kikianguka kinaota. Bara huko Laikipia jamii yake moja imetwaa malisho. Tembo na nyani hula matunda wakasambaza mbegu, na mbuzi wakila huumia midomo na matumbo kwa vijinywele hivyo. Wameleta mdudu mdogo anayefyonza utomvu wake ili aupunguze. Mdudu huyo anatoka ilikotoka mipungate yenyewe.

Jumamosi: Malindi – Lamu

Basi tulikata jana yake, 1,000. Liliandikwa saa mbili asubuhi, likaondoka saa nne kasoro. Njia ni lami, zaidi ya kilomita 200. Baada ya Garsen na daraja la Tana, vizuizi vya usalama vinafuatana. Kila mara mnashuka, mnaonyesha vitambulisho, mnapanda. Wekeni pasipoti mfukoni, siyo kwenye begi la kwenye buti. Kabla ya kupanga safari, ulizeni hali ya njia kwa wenye mabasi siku hiyo hiyo. Kizuizi kimoja tulikaa muda mrefu, na mama wa siti ya mbele akafungua hotpoti lake akagawa kaimati basi zima, askari naye akapata.

Mokowe tulipanda boti ya abiria, 150, na Lamu ikajitokeza na jua la alasiri. Chumba kwenye nyumba ya kale, ghorofani, 2,500 pamoja na chai.

Jumapili: Lamu mjini

Asubuhi nzima nilizunguka soko la kando ya Ngome, kisha vichochoro, nikipishana na punda. Maembe, ndimu, pweza, halua ya moto. Dungusi, hakuna. Nikamuuliza mwenye nyumba yetu, mwanamke mtu mzima, mbona huku hakuna anayeotesha miiba. Akanitazama. "Ya nini? Inanukia?"

Hapo nikaelewa kitu. Lamu mmea huingizwa ndani kwa pua. Sokoni maua yanayouzwa ni asumini, kilua, mkadi, na rihani, ya kufungia vikuba, vile vishada vya kunukia, na kutandaza kitandani. Kichaka cha miiba kisicho na harufu kitapewa nafasi gani kwenye kiwanda, ule uwanja wa ndani ya nyumba, ambacho hata jua hufika kwa zamu?

Usiku saa tatu tulikuwa juu tunakunywa chai ya tangawizi, nikasikia mwenye nyumba ananiita. "Ndoo, mwanangu, ndoo upesi!" Kwa Kiamu, ndoo ni njoo. Tukashuka mbio. Kwenye pembe ya kiwanda, juu ya mtungi uliovunjika mdomo, mmea wa majani bapa yanayoning'inia ulikuwa umefungua ua jeupe kubwa kuliko kiganja changu, na harufu imejaa hadi darini. Malkia wa usiku. Yale yanayoonekana majani ni mashina, na mmea wenyewe ni dungusi ya misitu ya Amerika ya Kati, inayoishi juu ya miti. Nilipomwambia ameotesha dungusi miaka yote hiyo, akasema, "Haina mwiba, na yanukia. Iite utakavyo." Alikwishamwita jirani na mabinti zake, wote wakaja na kanga mabegani, tukapiga picha kwa tochi za simu. Alfajiri ua lilikuwa limesinyaa.

Jumatatu: Shela

Boti ya pamoja hadi Shela 200, au mtembee ufukweni chini ya saa moja maji yakiwa yametoka. Mdogo wangu alipata bahari yake, sikumwona hadi alasiri.

Mimi nilikaribishwa kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni. Mwenyewe, kijana wa Shela, alinionyesha kwa fahari dungusi zake zilizopangwa kwenye ngazi: waridi la jangwa, taji la miiba, mshubiri, mnyaa kwenye chungu. Wazuri wote, na hakuna hata mmoja aliye dungusi. Halafu darini, kwenye kifuu cha nazi kilichotundikwa, nikaona vijiti vyembamba vya kijani vikining'inia, na vijitunda vyeupe vinavyopitisha mwanga. "Hilo ni gugu tu," akasema. "Nilipewa na fundi wangu wa Taita. Nataka kulitupa."

Nilimwomba asilitupe. Lile ndilo dungusi pekee inayoota Afrika porini bila kuletwa na mtu. Jamaa zake wote ni wa mabara ya Amerika. Hii iko huko, na iko huku, hadi Madagaska na Sri Lanka. Wengi wanaotafiti wanaamini ndege ndio waliobeba mbegu zake zinazonata. Kwetu iko Amani, Usambara, juu ya matawi, na watu hupita chini yake bila kuinua macho. Ukikaza macho kwenye vijiti vile, vidoti vya dungusi utaviona, vidogo sana.

Akaishusha, akaiangalia upande huu na huu, kisha akaitundika mlangoni pa mapokezi.

Kurudi

Njia ile ile, vizuizi vile vile, usiku mmoja Mombasa kwa shangazi. Mpakani, Lungalunga na Horohoro, hapakuwa na jipya. Begi la mdogo wangu lilikuwa na halua kilo mbili na mabuyu. Langu lilikuwa na daftari.

Mtaniuliza mbona sikurudi na hata kipande kimoja. Karibu dungusi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, hata zile zilizooteshwa kitaluni. Kuzitoa Kenya kihalali unahitaji cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, na kibali cha CITES kupitia KWS, shirika lao la wanyamapori, na kabla ya hapo kibali cha kuingiza cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea huku kwetu. Ukileta mzigo wa kitalu kizima, inalipa kuhangaika. Kwa vichungu viwili vya zawadi, hapana. Pigeni picha, nunueni mbegu na miche kwa wenye vitalu wa hapa.

Yule kijana wa Kilifi tulibadilishana namba. Juzi amenitumia picha: sasa ana meza mbili, moja ya minyaa na jamaa zake, nyingine ya dungusi za kweli, kila kimoja na kibao chake. Zile alizokuwa akiuza 250, kibao kipya kinasema 400. Mkipita kwake msimwambie mnanifahamu, anaweza kuzidisha zaidi.